Uzi: Ruzuku za majimbo ya Marekani kwa wanaosomea uchambuzi wa tabia. Zinapatikana wapi, na zinamdai nini anayezipokea?

Mama Zawadi (mwanzisha uzi)

Habari zenu, ndugu zangu. Ninaishi Grand Rapids katika jimbo la Michigan, nilikofika kama mkimbizi kutoka Kongo, na sasa nina kadi ya ukaazi wa kudumu. Nina shahada ya kwanza ya saikolojia, na ninafanya kazi ya RBT katika kituo cha watoto wenye usonji, yaani ninashinda na mtoto nikitekeleza mpango ulioandikwa na mtu mwingine. Nia yangu ni kuwa huyo mwenye kuandika mpango: BCBA, mchambuzi wa tabia mwenye cheti kamili. Nimeambiwa kazini kwamba majimbo hutoa ruzuku kwa wanafunzi wa fani hii, lakini kila nikitafuta katika tovuti za ufadhili ninakutana na matangazo ya vyuo na mashindano ya insha. Naomba wanaofahamu wanieleze kama fedha hizo zipo, zinapitia mlango gani, na kama mtu mwenye historia kama yangu anahesabiwa miongoni mwa wanaostahili.

Msimamizi wa Saa

Mama Zawadi, pole na kutafuta. Mimi ni BCBA hapahapa Michigan na ninasimamia wanafunzi, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kidogo.

Fedha zipo, ila hazikai pale unapozitafuta. Katika fani hii ni nadra jimbo kumwandikia mwanafunzi hundi. Jimbo hukipa fedha chuo kikuu, au shirika linalotoa tiba, na huko ndiko zinakogeuzwa sura kabla ya kumfikia mwanafunzi: ada iliyopunguzwa, posho ya mwezi, au msimamizi ambaye mwanafunzi hatakiwi kumlipa. Tovuti za ufadhili hazizioni kwa sababu hakuna fomu ya umma ya kujaza. Anayezijua ni mratibu wa programu ya uzamili katika idara husika, na mara nyingine hata ofisi ya misaada ya fedha ya chuo hichohicho haina habari nazo.

Ukitaka kuelewa kwa nini zimewekwa hivyo, tazama historia ya jimbo lako mwenyewe. Mwezi wa Aprili 2012 zilitiwa saini sheria zilizoyabana makampuni ya bima yalipie tiba ya usonji, na aliyezipigania kuliko wengine alikuwa naibu gavana, Brian Calley, ambaye binti yake ana usonji. Viwango viliwekwa wazi: hadi dola 50,000 kwa mwaka kwa mtoto asiyezidi miaka 6, dola 40,000 kwa wa miaka 7 hadi 12, na dola 30,000 kwa wa miaka 13 hadi 18. Mwaka uliofuata Medicaid ya Michigan, yaani bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, nayo ikaanza kulipia watoto wa kuanzia miezi 18 hadi miaka 5, na Januari 2016 huduma ikapanuliwa kuwafikia wote walio chini ya miaka 21. Sasa mzazi ana karatasi ya daktari mkononi, bima imekubali kulipa, na mtaalamu wa kumpokea mtoto hayupo. Sheria inaweza kuamuru malipo kwa siku moja, lakini haiwezi kuzaa mchambuzi wa tabia kwa siku moja. Ndipo fedha za jimbo zilipopelekwa kwa vyuo vikuu ili wasomeshe watu haraka, na Western Michigan University cha Kalamazoo, ambacho idara yake ya saikolojia ina jina la miaka mingi katika fani hii, kikawa kimojawapo.

Mambo ya namna hiyo yameikumba nchi nzima. Indiana ilitangulia na sheria ya bima mwaka 2001, South Carolina ikafuata mwaka 2007, na kufikia 2019 majimbo yote 50 yalikuwa na agizo la aina hiyo. Mwezi wa Julai 2014 serikali kuu iliyakumbusha majimbo kwamba, chini ya Medicaid, mtoto asiyefikisha miaka 21 ana haki ya tiba ya usonji iwapo anaihitaji kiafya. Wakati huohuo hesabu za CDC, kituo cha serikali kuu cha kudhibiti magonjwa, zimekuwa zikipanda: mtoto 1 kati ya 150 wenye umri wa miaka 8 katika takwimu za mwaka 2000, na 1 kati ya 31 katika takwimu za 2022 zilizochapishwa mwaka 2025. Jimbo lina wajibu wa kisheria kwa watoto hao, na wajibu huo ndio unaolifanya likusomeshe. Kwa hiyo ninakushauri uisome ruzuku yoyote ya jimbo kama mkataba wa kazi ambao mshahara wake umetangulizwa, na uichambue kwa ukali uleule ambao ungeuchambua mkataba wa kazi.

Kuhusu kustahili: kadi ya ukaazi wa kudumu inakuweka katika kundi moja na raia kwa sehemu kubwa ya misaada ya masomo, ya serikali kuu na ya majimbo. Wakimbizi na waliopewa hifadhi nao wamekuwa wakihesabika katika misaada ya serikali kuu hata kabla ya kupata kadi. Jimbo kwa kawaida litataka uwe umeishi humo kwa miezi 12 kabla ya kuanza masomo, na si kwa ajili ya masomo tu. Wanaokwama ni wenye viza ya mwanafunzi: hao nafasi yao ni kazi za usaidizi ndani ya chuo, yaani kufundisha au kufanya utafiti kwa posho na punguzo la ada.

Mpwa wa Louisville

Asante kwa maelezo, mkuu. Swali langu ni dogo. Ninafikiria kukopa nilipe ada mwenyewe ili nisifungwe na mkataba wa mtu. Je, si afadhali hivyo?

Msimamizi wa Saa

Ada ni nusu ya gharama, ndugu yangu, na pengine ni nusu iliyo nyepesi. Gharama inayowaangusha watu ni saa za mafunzo kwa vitendo.

Bodi ya BACB, ambayo ndiyo inayotoa cheti cha BCBA tangu ilipoanzishwa mwaka 1998, inadai shahada ya uzamili, masomo yaliyoidhinishwa, mtihani wa maswali 185 unaofanywa kwa saa 4, na kabla ya mtihani huo saa 2,000 za vitendo, au 1,500 kwa anayefuata njia ya usimamizi mzito zaidi. Mtu anayepata saa 20 kwa wiki atahitaji wiki 100 kuzimaliza. Kisha kuna masharti mawili ambayo RBT wengi huyagundua wakiwa wamechelewa. La kwanza ni kwamba angalau asilimia 60 ya saa hizo ziwe za kazi ya mchambuzi yenyewe: kupima, kuandika mpango, kusoma chati za takwimu, kuwafundisha wazazi na wasaidizi. Kukaa na mtoto na kutekeleza mpango, ambayo ndiyo kazi ya RBT siku nzima, kunahesabika kwa asilimia 40 tu, yaani saa 800 kati ya 2,000. La pili ni kwamba angalau asilimia 5 ya saa ziwe chini ya usimamizi wa mtu mwenye sifa, na asilimia 10 katika njia nzito. Asilimia 5 ya saa 2,000 ni saa 100. Tuseme msimamizi wa kujitegemea anakutoza dola 60 kwa saa: hapo tayari umetoa dola 6,000 nje ya ada, na hazimo katika bajeti ya chuo chochote.

Tatizo la kutolipwa nalo ni kubwa. Kituo kinalipwa na bima kwa saa ambazo RBT yuko na mtoto. Saa ambayo RBT amekaa ofisini akichora chati haimwingizii mwajiri kitu, kwa hiyo mwajiri hana haraka ya kukupa saa 1,200 za aina hiyo. Nimewaona wanafunzi waliomaliza shahada mapema, kisha wakakaa muda mrefu wakiokota saa kidogokidogo, huku kipindi cha miaka 5 ambacho bodi inakiruhusu kikielekea ukingoni.

Kwa hiyo ruzuku nzuri ya jimbo ni ile inayolipia saa. Chuo kinapopokea fedha za jimbo kwa ajili ya mafunzo, kinaweza kuajiri wasimamizi, kuingia makubaliano na vituo na shule, na kumpa mwanafunzi posho kwa zile saa ambazo bima haizilipii. Ukipewa kuchagua kati ya programu inayofuta robo ya ada na programu isiyofuta ada lakini inayokuhakikishia saa zote kwa maandishi, mimi ningechukua ya pili bila kusita.

Aliyekuwa Ofisi ya Misaada

Nimefanya kazi ya misaada ya fedha katika vyuo viwili vya Marekani kabla ya kustaafu, na ninaunga mkono aliyosema Msimamizi wa Saa, isipokuwa ningependa kuongeza upande wa masharti, kwa kuwa huko ndiko nilikoshuhudia machozi.

Mbali na fedha za majimbo, kuna ruzuku za serikali kuu ambazo idara ya elimu maalumu ya Wizara ya Elimu huvipa vyuo ili viandae wataalamu wa watoto wenye ulemavu. Baadhi ya programu za uchambuzi wa tabia zimo humo, hasa zile zinazokaa katika vitivo vya elimu. Sharti lake linajulikana: kwa kila mwaka 1 uliofadhiliwa, unadaiwa miaka 2 ya kufanya kazi na watoto au vijana wenye ulemavu. Uliyefadhiliwa miaka 2 unadaiwa miaka 4. Usipoitimiza, unarudisha fedha pamoja na riba. Kwa anayejua kwamba hii ndiyo kazi ya maisha yake, sharti hilo si mzigo, kwa sababu angeifanya kazi hiyohiyo bila kulazimishwa. Kwa anayejaribu bahati, ni kamba shingoni. Zingatieni pia kwamba mwaka 2025 wizara ilisitisha baadhi ya ruzuku hizi zikiwa katikati ya safari. Mkiambiwa kuna nafasi, ulizeni ruzuku ya chuo hicho ilianza mwaka gani, imebakiza miaka mingapi, na mwanafunzi analindwaje ikikatwa.

Ruzuku nyingine inayotajwatajwa ni ile ya TEACH, ya hadi dola 4,000 kwa mwaka. Hii ninawaomba muikaribie kwa tahadhari kubwa. Inamtaka mpokeaji awe mwalimu wa somo lenye upungufu, elimu maalumu ikiwa mojawapo, katika shule ya watoto wa familia maskini, kwa miaka 4 ndani ya miaka 8 baada ya kumaliza. Mchambuzi wa tabia anayezunguka katika madarasa ya wenzake akitoa ushauri si mwalimu kwa maana ya sharti hilo, na hapo ndipo mtego ulipo: ruzuku hugeuka mkopo, na riba yake huhesabiwa tangu siku fedha zilipotolewa. Kuna walimu maelfu ambao ruzuku zao ziligeuzwa mikopo huku wakiwa darasani wanafundisha, kwa sababu tu karatasi ya uthibitisho ya mwaka ilichelewa au ilikosa saini, na ilichukua kelele nyingi za umma kabla ya wizara kukubali kuwarekebishia.

Kwa ndugu wa Louisville anayetaka kukopa: hesabu ya mikopo imebadilika. Kwa sheria iliyopitishwa Julai 2025, mkopo wa Grad PLUS, ambao ulimwezesha mwanafunzi wa uzamili kukopa hadi gharama zote za masomo, unafungwa kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, na mkopo wa kawaida wa serikali kuu kwa uzamili unabaki na kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Programu ghali za mtandaoni ambazo wengi walizilipia kwa Grad PLUS sasa zitakuacha na pengo ambalo utalijaza kwa mkopo wa benki binafsi, kwa masharti yake. Ikiwa itakubidi kukopa, basi baada ya kuhitimu ajiriwa na shule ya umma, idara ya serikali au shirika lisilo la faida, kwa sababu malipo 120 ukiwa katika ajira ya namna hiyo hufuta salio la mkopo wa serikali kuu. Vituo vingi vya tiba ya usonji ni vya kibiashara na havimo katika mpango huo.

Kaka wa Dada Mwenye Usonji

Naomba niulize jambo ambalo naona mnalipita kando. Watu wazima wenye usonji wamelalamika kwa miaka kwamba tiba hii iliwafundisha kujificha walivyo: kutazama watu machoni kwa kulazimishwa, kuacha kuchezesha mikono, kutii tu. Massachusetts kuna taasisi iliyotumia shoti ya umeme kwa wanafunzi wake. Mamlaka ya chakula na dawa, FDA, iliipiga marufuku zana hiyo mwaka 2020, mahakama ikaitengua marufuku mwaka uliofuata, hadi Bunge la nchi likaingilia kati mwishoni mwa 2022. Kwa nini fedha za walipa kodi zimsomeshe mtu kazi ya namna hiyo?

Msimamizi wa Saa

Swali lako ni halali, kaka, na linaihusu mada moja kwa moja. Fani hii ilipata umaarufu wake katika usonji kupitia utafiti wa Ivar Lovaas wa mwaka 1987, uliosema kwamba watoto 9 kati ya 19 waliopewa tiba nzito walifikia kiwango cha kawaida cha masomo na akili. Hesabu hiyo ndiyo iliyobebwa mabungeni. Katika kazi yake ya awali adhabu za mwili zilitumika, na hakuna sababu ya kulificha jambo hilo. Wachambuzi wengi wa leo hawafanyi kazi hivyo, lakini ubora unatofautiana sana kati ya kituo na kituo, na malalamiko ya watu wazima wenye usonji ninayachukulia kuwa ushahidi, hata wenzangu wengine wanapoyaita kelele.

Ninachoona kinahusiana na ruzuku ni hiki: mwanafunzi asiye na ufadhili huokota saa popote atakapozipata, hata kwa msimamizi anayemfundisha kumlazimisha mtoto. Mwenye ufadhili unaomlipia msimamizi ana nguvu ya kukataa na kuondoka. Kwa hiyo Mama Zawadi, utakapozungumza na chuo, uliza wanafunzi wanapelekwa wapi kufanyia vitendo, na uombe kwenda kuangalia kabla ya kusaini.

Mwalimu wa Arusha

Shikamooni wakubwa. Mimi nimesomea elimu maalumu Patandi na ninafundisha kitengo cha watoto wenye usonji. Vyuo kadhaa vya Marekani vinatangaza uzamili wa uchambuzi wa tabia kwa njia ya mtandao, na kimoja kimeniandikia kwamba nimekubaliwa. Je, ruzuku hizi za majimbo zinaweza kunifikia nikiwa Tanzania? Na nikimaliza, nitakuwa BCBA?

Msimamizi wa Saa

Marahaba, Mwalimu. Kwa maswali yote mawili jibu ni hapana, na ni bora ulisikie sasa kabla hujalipa ada. Fedha ya jimbo inataka mkaazi wa jimbo atakayehudumia watoto wa jimbo hilo. Na tangu Januari 2023 bodi ya BACB imefunga milango kwa waombaji wapya wanaoishi nje ya nchi chache, Marekani na Kanada zikiwa ndizo kiini chake. Chuo kinaweza kukufundisha vizuri na kukupa shahada halali, ila shahada hiyo haitakufikisha kwenye mtihani ukiwa unaishi Arusha. Chuo hakivunji sheria kwa kukupokea, lakini ninaona ni utovu wa uungwana kutolisema jambo hili katika barua ya kwanza.

Kwa walio nje kuna bodi nyingine mbili, IBAO na QABA, zinazopokea waombaji wa kimataifa. Mwajiri wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuvikubali vyeti vyao. Lakini bima na sheria za leseni za majimbo mengi ya Marekani zimejengwa juu ya cheti cha BACB. Ukilinganisha gharama, mafunzo ya muda mfupi yanayokubalika na mojawapo ya bodi hizo, ukiyaongeza juu ya elimu ya Patandi uliyo nayo, yatakufaa kuliko uzamili wa maelfu ya dola. Mwenzako wa Kenya aliyepitia KISE, taasisi yao ya elimu maalumu, yuko katika hali hiyohiyo.

Mwalimu wa Arusha

Nimekuelewa, asante sana. Nitawaandikia niwaulize kwa maandishi kuhusu suala la mtihani, nione watajibu nini.

Dada wa Minneapolis

Niongeze la Minnesota kwa ufupi, kwa sababu huku Waafrika Mashariki ni wengi katika kazi hizi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika Minneapolis mtoto 1 kati ya 32 wa Kisomali na 1 kati ya 36 wa kizungu walikuwa na usonji, na baada ya hapo vituo vikafunguliwa kila kona kwa fedha za Medicaid. Jimbo lilichelewa kuweka leseni ya wachambuzi wa tabia. Sheria yake ilipita mwaka 2024. Desemba 2024 maofisa wa FBI walipekua vituo viwili katika uchunguzi wa madai ya malipo ya udanganyifu. Ninayataja haya kwa sababu saa za mwanafunzi hutiwa saini na msimamizi wa kituo. Kituo kikifungwa au msimamizi akipoteza cheti, wewe ndiwe utakayehangaika kutafuta nani athibitishe saa zako. Hakikisheni fomu za kila mwezi zinatiwa saini mwezi huohuo, na nakala mnakaa nazo nyumbani.

Mama Zawadi

Ninawashukuru nyote. Nimezungumza na mratibu wa programu moja, na kweli kuna fedha za jimbo ambazo hazijaandikwa popote katika tovuti yao. Lakini mwajiri wangu naye, aliposikia ninaulizia, amenipa karatasi: atalipa ada yote ya uzamili, nami nimtumikie miaka 3 baada ya kupata cheti. Nikiondoka kabla, ninarudisha fedha zote. Niende wapi?

Aliyekuwa Ofisi ya Misaada

Usisaini leo, mama. Karatasi hiyo ina mambo matatu yanayonitia shaka hata bila kuisoma yote. Inasema fedha zote, wakati mkataba wa haki hupunguza deni kwa kadiri unavyotumikia; aliyetumikia miaka 2 kati ya 3 adaiwe theluthi moja. Inasema baada ya kupata cheti, kwa hiyo ukifeli mtihani mara moja au saa zikichelewa, miaka yako 3 haijaanza kuhesabiwa, nawe umeshafungwa. Na kama haisemi itakuwaje mwajiri mwenyewe akikuachisha kazi, akifunga kituo au akikiuza, basi mwombe aandike kwamba deni linafutika. Mikataba ya aina hii imeanza kuwekewa mipaka na majimbo. California imepitisha sheria inayoizuia mingi kuanzia Januari 2026. Michigan usiitegemee sheria, tegemea kalamu yako.

Kuhusu kodi: mwajiri anaweza kukulipia masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila fedha hizo kuhesabiwa kuwa kipato chako. Kinachozidi hapo kwa kawaida kitaonekana katika hati yako ya mshahara, na kodi yake utailipa wewe. Ruzuku ya chuo inayolipia ada na vitabu haitozwi kodi, ila posho ya kujikimu hutozwa, na vyuo vingi havikati kodi hiyo mapema. Weka akiba.

Msimamizi wa Saa

Mimi ningejaribu kuviunganisha. Mwambie mwajiri kwamba ada utaitafutia njia kwa ruzuku ya jimbo, na unachohitaji kwake ni saa: barua inayosema kila wiki utapewa idadi fulani ya saa za kazi ya mchambuzi, kwa mshahara wako wa kawaida, na kwamba BCBA wa kituo atakusimamia bila malipo. Kwake hiyo ni rahisi kuliko kulipa ada ya uzamili, na kwako ina thamani zaidi. Akikubali, hata miaka 2 ya utumishi ni bei ya kuzungumzika.

Katika barua yako kwa chuo, taja lugha zako. Familia za Kikongo za Grand Rapids zinazongoja huduma zinahitaji mtu anayeweza kumweleza bibi kwa Kiswahili kwa nini mtoto anapewa picha za kuelekezea kidole, na chuo kinachotakiwa kulionyesha jimbo kwamba fedha zake zimefika kwenye upungufu kitalisoma hilo kwa makini. Liandike kama sifa ya kikazi.

Mama Zawadi

Swali la mwisho. Mratibu ameniambia nafasi za msimu wa Septemba hawezi kuzithibitisha bado, ingawa maombi yanafungwa mapema zaidi. Je, ananizungusha?

Msimamizi wa Saa

Sidhani. Mwaka wa fedha wa Michigan huanza tarehe 1 Oktoba, wakati masomo huanza mwanzoni mwa Septemba au hata kabla. Bajeti ikichelewa kupita Lansing, makao makuu ya jimbo, chuo huwapokea wanafunzi bila kujua hasa kitapata kiasi gani. Peleka maombi ndani ya muda, jaza FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba misaada ya masomo, sasa hivi kwa sababu vyuo vingi huitaka hata kwa fedha ambazo si za serikali kuu, kisha mwandikie mratibu umuulize mambo mawili: mwaka uliopita wanafunzi wangapi walipata ufadhili huo, na waliokosa mwanzoni walipewa nafasi Januari au waliambiwa wasubiri mwaka mzima.